Biblia Iliyotafsiriwa kwa Masikio

Ndugu zangu, habari za jioni. Niwaulize kwanza: Mfalme James wa Uingereza alitafsiri mistari mingapi ya Biblia ya Kiingereza inayoitwa kwa jina lake, King James? Hata mmoja. Yeye aliruhusu tu, na alikuwa na lake moyoni. Biblia iliyopendwa majumbani Uingereza wakati ule ni ya Geneva, ya 1560, iliyojaa maelezo pembezoni. Penye Kutoka sura ya kwanza, wakunga wanapokataa kuwaua watoto kwa amri ya Farao, maelezo yalisema kutotii kwao kulikuwa halali. Mfalme gani atayafurahia hayo? Januari 1604, katika mkutano wa Hampton Court, mwanazuoni John Rainolds alipoomba tafsiri mpya, James aliafiki upesi. Maoni ya pembezoni yakapigwa marufuku.

Watafsiri wapatao 47, makundi sita, kitabu kikatoka 1611. Hayo mtayasoma popote. Mimi nataka tuchungulie chumbani mwao. John Selden, mwanasheria wa zama hizo, ametuachia habari zao: mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wameshika Biblia za lugha nyingine, huyu ya Kifaransa, yule ya Kihispania au Kiitalia. Mwenye kusikia kosa husema. Wakinyamaza, msomaji anaendelea.

Mmeona? Sentensi ilipimwa kwa sikio. Na ukurasa wa jina unasema wazi kwamba kitabu kimewekwa kisomwe makanisani, kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. (Macho nayo husinzia: toleo la 1631 liliacha neno moja dogo la kukataza katika amri ya saba, waumini wakaamriwa kuzini. Wachapaji walitozwa faini ya pauni 300.)

Sasa sikilizeni mwendo wake. Kiebrania husimulia kwa kuunganisha tukio na tukio kwa herufi moja, waw. Watafsiri waliibeba ilivyo: na Mungu akasema, na ikawa, na Mungu akaona. Mwalimu wa Kiingereza angezikata hizo “na” kwa kalamu nyekundu. Sisi hatuna taabu hiyo, tuna -ka-. “Mungu akasema, Iwe nuru; ikawa nuru.” Bibi akisimulia habari za sungura anakwenda hivyo hivyo: akaondoka, akafika, akamkuta fisi. Mwingereza alilishwa mwendo huo kila Jumapili, vizazi na vizazi, hata ukawa ndiyo sauti yake ya kusemea jambo zito.

Ndiyo maana Abraham Lincoln, rais wa Marekani, ambaye hakuwahi kujiunga rasmi na kanisa lolote, aliposimama kwenye makaburi ya askari huko Gettysburg mwaka 1863 hakusema “miaka themanini na saba iliyopita”. Alihesabu kwa ishirini-ishirini: ishirini nne na miaka saba. Ndivyo Zaburi ya 90, katika Biblia ile, inavyohesabu umri wa mwanadamu: ishirini tatu na kumi. Waliokuja kumsikiliza pale hawakuhitaji kuelezwa. Mwaka 1963 Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, alichukua Isaya 40, “kila bonde litainuliwa”, akaisema kama mtu anayesema maneno yake mwenyewe. Na mkesha wa Krismasi 1968, wanaanga watatu wa Apollo 8 wakiuzunguka mwezi, walisoma Mwanzo sura ya kwanza kwa Kiingereza hicho hicho cha 1611. Chombo kipya kabisa, maneno yenye umri wa miaka mia tatu na ushei.

Kwa kweli yalikuwa na umri zaidi ya huo. Sehemu kubwa ya Agano Jipya la 1611 ni maneno ya Mwingereza William Tyndale, aliyechapisha tafsiri yake huko Worms, Ujerumani, mwaka 1526, ng’ambo, kwa sababu nyumbani asingeruhusiwa. Vitabu viliingizwa Uingereza kwa magendo. Yeye mwenyewe alikamatwa, na mwaka 1536 akanyongwa Vilvoorde, karibu na Brussels, mwili ukachomwa moto. Watafsiri wa James walikiri katika utangulizi wao kwamba hawakukusudia kutunga tafsiri mpya, bali kuifanya iliyo njema iwe njema zaidi. Njema ya nani? Ukurasa wa jina unataja “tafsiri zilizotangulia”, basi. Mfalme ametajwa humo. Tyndale hakutajwa.