Foleni ya Usiku na Haki ya Aliyetangulia

Mabibi na mabwana,

Naomba nizungumzie desturi ambayo wengi wa vijana waliomo humu ukumbini hawakuwahi kuiona: watu kukesha nje ya dirisha la tiketi, wamejifunika mablanketi, wakisubiri kupambazuke wanunue nafasi ya kuingia kwenye onyesho la muziki. Tunaoikumbuka huisimulia kwa shauku, na shauku hiyo haitokani na utamu wa ujana peke yake.

Foleni ile ilikuwa na sheria ambazo hakuna mwenye ukumbi aliyezitunga. Mara nyingi aliyetangulia kufika alifungua daftari, akaandika jina lake, na waliofuata wakajiandikisha chini yake. Usiku wa manane majina yaliitwa, na asiyeitika alifutwa. Aliyekwenda msalani alimwachia mfuko wake jirani ambaye jioni ile hakumjua hata kwa sura, na aliporudi alikuta nafasi yake ingalipo. Watu waliokuwa wakigombea viti vilevile walilindana hadi asubuhi, na ndiyo maana wako wanaoukumbuka usiku huo kuliko onyesho lenyewe.

Haki ile, hata hivyo, haikuwa kamili. Mfanyakazi wa zamu ya usiku, mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga hawakuweza kukesha, ilhali walanguzi waliwalipa watu wawashikie nafasi. Kumbi kadhaa zikaanza kugawa mikanda ya mkononi yenye namba, kisha kuchezesha bahati nasibu kuamua foleni ianzie kwa namba ipi, hivyo kukesha kukapungua maana hata kabla ya tiketi kuhamia kwenye intaneti.

Kilichofuata mnakijua. Mnamo Novemba 2022, tiketi za ziara ya mwanamuziki Taylor Swift nchini Marekani zilipoanza kuuzwa kwa waliojisajili mapema, mfumo wa Ticketmaster, kampuni inayouza tiketi mtandaoni, ulizidiwa. Kampuni ilieleza kwamba ulipokea maombi bilioni 3.5, yakiwemo ya programu za kununulia tiketi kwa wingi, ikafuta mauzo kwa umma, na Januari 2023 suala hilo likafika mbele ya kamati ya Seneti. Sheria ya Marekani ya kuzuia programu hizo ilikuwapo tangu 2016.

Kinachoniuma zaidi ya hitilafu yenyewe ni kwamba mnunuzi hakujua ameshindwa na nani. Barabarani ulimwona aliyekutangulia, ukajua alifika kabla ya magharibi, na tiketi zilipokwisha ulikubali. Kwenye skrini unaona namba tu.

Nasi hatulilii jambo lisilowezekana. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon bado huwaruhusu watu kupiga mahema usiku, na kila aliye kwenye foleni hupewa kadi yenye namba ambayo haruhusiwi kumpa mwingine. Kumbi za muziki zingeweza kutenga sehemu ya tiketi zao kwa utaratibu wa namna hiyo, na ziuzwe dirishani, kwa bei iliyotangazwa, kwa mtu aliyesimama pale mwenyewe.