Injini ya Lori, Bodi ya Fundi: Magari ya Kifahari ya Ufaransa

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Naanza na usukani. Ufaransa gari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani hukaa kushoto. Lakini magari ya kifahari ya Kifaransa ya miaka ya 1930, kama Delahaye, Bugatti na Talbot-Lago, yalikuwa na usukani kulia, kama gari ulilokuja nalo hapa. Ukitaka kulipita lori unachunguliaje? Shauri la dereva hilo, na wengi wa matajiri walioyanunua walikuwa na dereva wa kuajiriwa. (Kicheko.)

Tukae na Delahaye. Ilianza mwaka 1894 mjini Tours, na kwa miaka mingi ikatengeneza hata malori na magari ya zimamoto. Mwaka 1935 ikatoa modeli ya 135, ambayo injini yake ya silinda sita ilitokana na ya lori. Ndiyo, lori! Miaka mitatu baadaye gari hilohilo likashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Na mwaka huohuo, kwenye mbio za mji wa Pau, dereva René Dreyfus akiwa na Delahaye nyingine, ya silinda 12, aliwashinda Mercedes. Mjerumani alikuwa na nguvu zaidi, lakini ilimbidi asimame kujaza mafuta. Dreyfus hakusimama.

Sasa, gari hili ulilinunuaje? Kama nguo ya harusi. Kitambaa unakichukua dukani, kisha unakwenda kwa fundi wako akupime. Kiwanda kilikuuzia chasisi na injini; kisha ukavipeleka kwa mafundi wa bodi kama Figoni et Falaschi, au Chapron, au Saoutchik, nao wakagonga bati la bodi kwa nyundo wiki baada ya wiki. Ndiyo maana ni vigumu kukuta mbili zinazofanana.

Vita vilipokwisha, chuma kikawa cha mgao. Mpango wa serikali, ulioitwa kwa jina la ofisa Paul-Marie Pons, ulitaka magari madogo ya watu wengi. Kisha zikaja kodi zilizopimwa kwa ukubwa wa injini, na mwaka 1956 stika ya kodi ya kila mwaka, ya kubandika kwenye kioo. Wafaransa wengi watakwambia kodi ndiyo iliyoyaua magari haya ya kifahari. Iliumiza, sikatai. Ila Delahaye ilikuwa imeshamezwa na Hotchkiss mwaka 1954, kabla hata stika haijabandikwa. Mimi namtazama Jaguar: tangu 1948 Mwingereza aliuza XK120, yenye mbio kuliko Delahaye na bei ya chini sana. Nyundo ya fundi ingeshindanaje na hiyo?

Aliyeelewa somo ni Jean Daninos. Kampuni yake ilikuwa ikitengenezea viwanda vingine bodi, kwa hiyo mwaka 1954 alipoanzisha Facel Vega alinunua injini za Chrysler kutoka Marekani na kuzivisha suti ya Paris. Biashara ikaenda. Halafu akataka gari dogo, Facellia, lenye injini ya Kifaransa kabisa. Pistoni zikaungua, wateja wakarudi na magari yao, kampuni ikatengeneza kwa gharama yake mpaka mfuko ukatoboka. Mwishoni wakaweka injini ya Volvo, na gari likatulia. Lakini mwaka 1964 kiwanda kikafungwa.

Haya, maswali.