Mzigo Usio na Haraka: Kugawana Waifai na Majirani

Ndugu zangu, habari za jioni.

Nianzie Aspley, mtaa wa Nottingham kule Uingereza. Mwaka 2013 watafiti walijaribu pale mpango ulioitwa PAWS: mwenye intaneti nyumbani anamruhusu jirani asiye nayo aitumie bure, kwa ile nafasi inayobaki. Mwenye nyumba akiihitaji njia, mgeni anapisha.

Wengi wakisikia "kipaumbele cha chini" wanaona ni dharau. Mimi sioni hivyo. Bila kupisha huko, nani angemfungulia jirani mlango? Tena mizigo mingi haina haraka: simu inayojisasisha, picha zinazopandishwa mtandaoni, video ya somo la kesho. Ikifika saa nane za usiku, imeshamfaa mwenyewe.

Sasa mgeni anapishaje? Ipo kanuni iitwayo LEDBAT, iliyotolewa mwaka 2012 katika waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 6817. Mtumaji anapima pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zinachukua muda gani njiani. Anaukumbuka ule muda mfupi kuliko yote. Unaozidi hapo anajua ni foleni ya pakiti zinazongoja kupita. Foleni ikifika milisekunde 100, anapunguza mwendo. TCP iliyozoeleka, kanuni ya kawaida ya kutuma data mtandaoni, haina subira hiyo: inasukuma tu mpaka ruta ijae na kuanza kutupa pakiti, na hapo mwenzako anayeongea na mama yake kwa simu ya mtandaoni anasikia sauti inakatikakatika.

Ila ukiwasha kwenye ruta fq_codel, programu ya kusimamia foleni, ambayo huibana isikae zaidi ya milisekunde 5 hivi, LEDBAT haiioni ile 100 yake kamwe. Inaona njia nyeupe, inakimbia kama wengine. Haki ya kugawana inabaki, upole unapotea. Nimeona mafundi wazuri wakipitiwa na jambo hili.

Linaloniuma zaidi ni la hewani. Pakiti ya baiti 1,500, kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, inakaa hewani chini ya robo ya milisekunde. Jirani wa mwisho, ambaye kipokezi chake kimefichwa na mwembe, ameshuka mpaka megabiti 1. Pakiti ileile kwake ni milisekunde 12, na wote walio kwenye chaneli hiyo wananyamaza mpaka amalize. Kwenye lango la intaneti mmemweka wa mwisho; hewani anawashika wote, wala si kosa lake.

Waifai ina madaraja yake manne tangu kiwango cha 802.11e cha mwaka 2005: sauti, video, ya kawaida na ya nyuma. La nyuma hungoja zaidi kabla ya kuomba zamu. Likishaipata, 12 ni 12.

Kwa hiyo kabla ya kubishana nani awekwe daraja gani, chukueni ngazi, nendeni kwa yule wa mwisho, mkihamishe kipokezi chake upande usio na mwembe.