Gari milioni 6, kodi milioni 8

Haya jamani, asanteni, walioko nyuma sogeeni kidogo maana hii maiki inakatakata na sauti yangu mimi niliimaliza kaunta wiki ile nalipia gari.

Nimeombwa niongelee kuagiza gari used kutoka Japani, na najua humu ndani nusu yenu mna gari kwenye simu, mnaifungua usiku mnaiangalia ndo mnalala, bei mnaijua kwa dola na kwa shilingi. Sasa shida ndo hapo, bei ya muuzaji mnaijua, bei ya serikali hamuijui.

Mimi nilitafuta Toyota IST, injini ya cc 1,500 kasoro kidogo, umri imevuka miaka 10. Gari, meli na bima mpaka bandarini Dar, ikanitoka kama milioni 6. Risiti ninayo na muhuri wa benki. Nikamrushia wakala wangu wa kliaringi, yule wa kunitolea gari bandarini, picha nikamwambia kaka nipigie hesabu, akajibu kwa voisi, anacheka kwanza, halafu ndo anasema, "Mzee, hiyo risiti kaiweke vizuri kabatini."

Maana yake kwenye gari used watu wa kodi, TRA, hawaanzi na hela uliyolipa, wanaanza na thamani iliyoko kwenye mfumo wao. Unaingiza aina, mwaka, cc, inatoka namba. Yangu ilitoka milioni 8. Sijui nilipata bahati ya bei kule au vipi, ila ile milioni 2 ambayo sikuilipa kokote, na yenyewe nikaikatiwa kodi.

Tuihesabu polepole, mwenye kalamu aandike. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 2, tupo 10. Juu ya hiyo 10 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu ya injini, laki 5. Halafu inakuja uchakavu, yaani kodi ya umri wa gari, ikivuka miaka 10 ni asilimia 30, tena ya ile 10 sio ya 8, milioni 3 hiyo. Tumefika 13 na nusu ndo VAT inaingia, asilimia 18 ya mzigo wote, kwa hiyo kodi inakatwa juu ya kodi, milioni 2 laki 4 na 30. Jumla milioni 7 laki 9 na 30. Bado tozo ya reli, bado ada ya forodha, bado usajili laki 2. Imepita 8, na gari bado lipo bandarini linakula stoo.

Mimi sigombani na kodi, barabara napita. Kinachoniuma ni hiyo 30. Wanasema inazuia magari machakavu, moshi na ajali, sawa, nakubali, ila nani anaagiza gari la mwaka 2006? Mwenye hela anaagiza la miaka mitano, uchakavu halipi hata mia. Anayelipa ni yule aliyeshindwa bei ya jipya, anatozwa kwa kushindwa kwake.

Na mnakumbuka 2017 walipofuta ile rodi laisensi ya kila mwaka? Tulishangilia, hata mimi. Ikahamia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, petroli, dizeli na mafuta ya taa pia eti watu wasichakachue. Kwa hiyo bibi yangu na kibatari chake kijijini alikuwa anachangia leseni ya gari, na hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Sasa kuna mjanja anasema basi nanunua ya mkononi. Nunua, ila badilisha umiliki siku hiyohiyo. Uhamisho ni elfu 50, kadi mpya ya gari elfu 10, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, gari la milioni 10 inakuja laki na 60 hivi. Sio hela ya kuua mtu, lakini ukishalipa gari umekauka, unasema nitafanya mwezi ujao, mwezi ujao ni tairi, na wewe ukiuza unampa mwenzio kadi na mkataba wa wakili mnaachana. Gari yangu ya kwanza kadi ilikuwa na jina la mtu wa tatu nyuma. Nilimtafuta miezi minne, nikampata Morogoro, amesahau kabisa kama aliwahi kuwa na Vitz, ila alivyosikia nataka saini yake akakumbuka ghafla kwamba ana shida ya hela.

Hii ya sasa kadi yake hii hapa, jina langu, si mnaona? Wamekosea herufi moja. Sijauliza kurekebisha ni shilingi ngapi.

Haya, dada mwenye mtandio wa kijani umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.