Iacheni Ipoe: mhadhara wa kuionja na kuihukumu kahawa chungu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wanaojifunza kazi za mikahawa na hoteli, Mji Mkongwe, Unguja.)

Assalaamu alaykum. Wanangu, mbele ya kila mmoja wenu pana vikombe vitatu. Msiviguse. Najua vinafuka, najua harufu imeshawafika, na namuona yule wa mstari wa nyuma ameshanyoosha mkono. Urudishe, baba. Nimemimina sasa hivi makusudi, ili nitakapomaliza kusema viwe vimepoa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuionja na kuihukumu kahawa nzito, nyeusi, chungu. Mie nina neno moja, na nimelisema mpaka jamaa zangu wakiniona na dele, birika langu la kahawa, wanabadilisha njia: kahawa haihukumiwi ikiwa ya moto. Mengine tutayapitia kama adhana haijatukuta.

Haya, nawasikia. "Bibi, kahawa iliyopoa nani anaitaka?" Sikusema muinywe imepoa. Inyweni mnavyotaka, na kashata, na halua, na tende, shauri yenu. Nasema mkitaka kuihukumu. Nendeni pale Jaws Corner, barza ya kahawa ya hapa Mji Mkongwe, jioni. Mtu anakunywa, anabishana siasa, anaangalia bao, anaungua ulimi, halafu anasema, "Leo kahawa kali." Kali nini? Moto? Tangawizi? Buni? Ulimi ukishaungua hauna ushahidi wa kutoa.

Mie nimezaliwa Wete. Baba yangu alikuwa muuza kahawa, dele mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, anavigonganisha hata mlio wake unafika konani kabla yake. Mama ndiye mkaangaji na mtwangaji. Barzani mtoto wa kike hakai, basi kahawa ya baba niliijua kwa mlango wa uani: ikirudi. Baada ya Isha dele linarudi na kilichobaki, na kazi yangu kuliosha. Kabla sijamwaga, najimiminia. Kahawa baridi, haina mvuke, haina mazungumzo, hakuna mzee wa kuisifu. Skuli yangu ilikuwa hiyo.

Mwaka mmoja masika yameshika, likaja gunia la buni kwa jahazi kutoka Tanga. Mama wiki ile alikuwa na mafua makubwa. Lishikeni hilo la mafua, nitalirudia. Akakaanga, akatwanga, baba akatoka. Akarudi anacheka, barza imemsifu: "Leo umetukumbusha kahawa ya zamani." Mie nikajimiminia iliyobaki. Gunia! Sisemi kwa mfano. Gunia lenyewe, lililolowa likaanikwa kivulini. Nikamwambia mama. Akaonja, akasema hasikii kitu. Nikamwambia baba. Akaniuliza, "Wewe na wazee kumi wa barza, nani anaijua kahawa?" Kesho yake akazidisha tangawizi, kwa sababu wazee waliipenda. Kesho kutwa akazidisha tena. Siku ya nne kahawa ya baba ilikuwa supu, na dele likawa linarudi tupu, kwa hiyo hata mie sina cha kuonja. Mnaona mtihani huo? Inavyozidi kuharibika ndivyo inavyozidi kununuliwa.

Siku ya tano mama akapona. Akakaanga, na moshi ulipomfika puani tu akaepua kikaango. Akatia mkono guniani mpaka kiwiko, akatoka na buni zenye unga wa kijani. Nusu ya chini yote ukungu. Baba akasema, "Sasa wale wazee mbona hawakusema?" Mama akamjibu huku anafunga gunia: "Wamekunywa moto na tangawizi. Buni hawajaionja tangu Ijumaa."

Sasa mafua. Mama aliyekaanga kahawa miaka yote alishindwa na mtoto wa miaka tisa kwa sababu pua yake ilikuwa imefunga. Ulimi peke yake unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchungu, ugwadu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Yaliyobaki yote mnayoyaita ladha yanapanda nyuma ya koo na kuingia puani. Leo usiku zibeni pua, mtafune punje ya iliki, kisha iachieni pua. Mtanikumbuka. Na mkionyeshwa ile picha ya ulimi uliogawiwa mitaa, uchungu nyuma na utamu mbele, itupeni. Ulimi mzima unaonja yote.

Tangawizi nayo, wanangu, inachofanya zaidi mdomoni ni kuunguza, ndugu moja na pilipili, na mishipa inayoisikia ndiyo hiyo hiyo inayosikia moto. Kwa hiyo kahawa ya moto yenye tangawizi nyingi inapiga kelele mbili kwa pamoja, na gunia linapita katikati kimya kimya. Tangawizi siichukii, nyumbani kwangu haikosekani. Lakini nikiletewa buni mpya naipika kavu kwanza, bila kitu, nikishaijua ndiyo naivisha.

Mwingine atasema nawaletea mambo ya Kizungu. Alaa! Karafuu mnazipeleka kupimwa madaraja, moja, mbili, tatu, na hakuna anayesema ni Uzungu. Mpemba aliyeacha karafuu mbichi rundoni zikalala zikapata joto, anajua atakutana na nini kituoni. Anazitoa makonyo, anazianika, anazinusa. Sasa kwa nini karafuu ihukumiwe na kahawa isifiwe tu?

Na hao waonjaji wa biashara ya kahawa duniani, mkitaka kujua, wanafanya alichokifanya mama, ila wao wana fomu. Gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, joto karibu nyuzi 93. Wanaiacha dakika 4, wanauvunja utando wa juu kwa kijiko huku pua iko pale pale, kisha wanaivuta kwa sauti, srrrp, ile ambayo nyinyi mkiifanya mbele za watu mnapigwa. Kuvuta hivyo kunaitawanya mdomoni na kuipeleka puani. Halafu wanatema, maana ana vikombe hamsini mbele yake, akimeza vyote hatalala mpaka Idi. Fomu iliyotumika miaka mingi ina vipengele kumi, jumla alama 100, na kahawa isiyofika 80 haihesabiwi kuwa ya daraja maalumu. Sasa sikilizeni hili, ndiyo maana nimeitaja fomu: harufu na ladha wanaziandika mapema, lakini utamu na usafi wa kikombe wanavisubiri mpaka kahawa ishuke chini ya nyuzi 37, joto la mwili wako. Kwa sababu ikipoa haina pa kujificha. Mama hakuiona fomu hiyo maisha yake.

Na kama hamnisikii mie, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2016 kwamba kinywaji cha moto kupita nyuzi 65 huenda kinaleta saratani ya umio. Kahawa yenyewe hawakuishika. Waliushika moto.

Turudi kwenye maneno, maana hapa ndipo vijana mnaponiudhi. Mgeni anauliza, "Kahawa yenu ikoje?" Mnamjibu "strong." Basi! Lugha yetu ina akiba ya maneno ya mdomoni, nanyi mmelikalia moja la kuazima. Uchungu ni wa shubiri, ni wa dawa, unakaa, na kwenye kahawa ni haki yake, ndiyo jina lake. Ukakasi ni wa ndizi mbichi na bibo: unakausha mdomo, ulimi unakuwa kama mkeka. Ukiukuta huo, kahawa imechemshwa mno au imetwangwa unga mno. Ugwadu ni wa ukwaju na embe bichi, na kidogo wake ni mzuri, unaichangamsha. Uchachu ni wa tui lililolala, na huo ni ugonjwa, buni ilivunda kabla ya kuanikwa. Kuungua ni mkaa na jivu. Mtu anayesema "kali" akimaanisha yote matano ni sawa na daktari anayeandika "anaumwa."

Watu wengi wanachanganya uchungu na kuungua. Buni ikifika karibu nyuzi 200 inaanza kualika, inalia kama kuni mbichi. Ukiendelea inanyamaza, kisha inaalika mara ya pili, kwa sauti nyembamba zaidi, na mafuta yanaanza kutoka juu. Kahawa yetu inaishi kwenye mlio huo wa pili. Uchungu mzuri unazaliwa hapo kikaangoni. Kafeini ina sehemu ndogo tu. Dakika moja zaidi una jivu, na jivu halina Bukoba wala Kilimanjaro, ni jivu tu. Wakaangaji wengi wa mjini wanalipenda jivu kwa sababu linaficha buni mbovu. Moto, tangawizi, jivu: wezi watatu wa nyumba moja.

Mgeni mmoja kutoka Ireland aliwahi kuniambia kahawa yangu inamkumbusha bia nyeusi ya kwao. Msicheke. Nikamwambia hiyo sijaionja na sitaionja, lakini nilimuelewa. Kule wanaikaanga shayiri mpaka inakuwa nyeusi, huku tunakaanga buni, na moto ni ule ule, unatoa harufu za ukoo mmoja. Akaniambia kitu kingine nikampenda: kwao bia hiyo nzuri hainywewi ya baridi kali, wanaiacha ipate joto kidogo ndipo harufu zifunguke. Yeye anangoja joto, mie nangoja baridi, sote tunakimbilia pale pale katikati. Na mshairi wa Kiarabu wa zamani akisema qahwa alikuwa anasema divai. Jina likahamia kwenye buni baadaye, na masufi wa Yemen wakaitumia kukesha kwenye dhikri. Makka waliipiga marufuku mwaka 1511, haikudumu. Hilo lina mhadhara wake, sitalianza.

Dakika ngapi? Kumi? Basi haraka.

Arabika na robusta, aina mbili za buni. Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga ni arabika zaidi. Bukoba ni robusta zaidi. Robusta ina kafeini karibu mara mbili, ina uzito mdomoni na uchungu mwingi. Msiidharau, kwenye dele inasimama vizuri. Mie nachanganya. Kiasi gani siwaambii, nina wateja.

Maji. Kikombe karibu chote ni maji, na Unguja ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe, visima vingine vina chokaa, vingine vina chumvichumvi. Chokaa inauua ugwadu wote, kahawa inakuwa bapa. Onjeni maji kwanza, yenyewe, yamepoa. Yale yale.

Dele kukaa juu ya makaa. Hapa nilikuwa na mengi. Kahawa ya Magharibi si kahawa ya Isha, hata kama ni dele moja. Ikikaa motoni inazidi kuwa na ugwadu mkali na ukakasi, huo ndio mnaoudhania "imekolea." Pikeni kidogo kidogo. Vikombe vyenye harufu ya sabuni sitavisema, mwenyewe anajijua.

Na hii mikahawa ya mji huu! Jina lenyewe linatokana na kahawa. Unaingia unakuta pizza, chipsi, juisi za rangi saba, ukiuliza kahawa unaletewa paketi na kikombe cha maji ya moto. Haya, naacha, nitapandwa na presha.

Sasa. Gusa kikombe kwa nje ya kidole. Kama hukisikii moto wala baridi, ndiyo wakati. Anzeni cha kushoto. Vuta, kwa sauti, leo mna ruhusa yangu. Izungushe, meza kidogo, pumua kwa pua mdomo umefumba. Nyamazeni. Hicho ni cha kawaida, ni cha kuwapa kipimo.

Cha katikati. Vuta. Kimoja kati ya viwili vilivyobaki kina buni niliyoiweka wiki mbili kwenye gunia lililolowa, na dakika arubaini zilizopita vyote vitatu mliviangalia kwa uchu mmoja.

Cha kulia. Usimuangalie mwenzio usoni. Vuta.

Wewe mama uliyekunja uso, hapo mbele. Simama utuambie kipi, na umesikia nini. Ukisema "kali" nakurudisha ukae.