Wahungari wa Hazleton na Hesabu ya Kuzikana

(Mhadhara kwa viongozi wa vyama vya jumuiya za Waafrika Mashariki, Pennsylvania)

Waheshimiwa wenyeviti, makatibu, na hasa ninyi watunza hazina ambao ndio mnaopigiwa simu usiku wa manane, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie vyama vya kusaidiana vya Wahungari wa Marekani, na naona kuna nyuso hapa zinauliza Wahungari wanatuhusu nini. Wanatuhusu. Walifika katika jimbo hili hili hawajui Kiingereza, wakapewa kazi zinazoua, na mapema kabisa wakaanzisha chama cha kufa na kuzikana. Tatizo linalotusumbua leo liliwasumbua wao zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hazleton ni mji wa makaa ya mawe, mashariki mwa Pennsylvania. Tarehe 21 Februari 1886 wachimbaji 13 wa Kihungari walikutana pale wakaunda Verhovay Segély Egylet, Chama cha Msaada cha Verhovay. Huyo Gyula Verhovay alikuwa mbunge na mhariri wa gazeti huko Budapest, na nisiwafiche, gazeti lake lilijulikana kwa kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Mtu akiwa ugenini humkumbuka zaidi mwanasiasa wa kwao anayepiga kelele kuliko wote. Sisi pia tunavyo vyama vyenye majina ya namna hiyo, sitavitaja.

Kwa nini chama? Kwa sababu mtu akifia mgodini, familia yake kwa kawaida haikupata kitu. Ukienda mahakamani unaambiwa marehemu alijua hatari alipokubali kazi, au kosa lilikuwa la mfanyakazi mwenzake, si la mwenye mgodi. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi Pennsylvania ilipitishwa mwaka 1915. Kabla ya hapo, Desemba 1907, migodi miwili ililipuka ndani ya wiki mbili: Monongah, West Virginia, tarehe 6, wakafa watu 362 kwa hesabu rasmi, kisha Darr, karibu na Jacobs Creek hapa Pennsylvania, tarehe 19, wakafa wanaume na wavulana 239, wengi wao Wahungari. Maiti 71 wa Darr hawakutambulika, wakazikwa kaburi moja katika makaburi ya Olive Branch. Sasa jiweke kwenye nafasi ya katibu wa tawi mahali kama pale, una daftari la wanachama mezani, na wajane wamesimama mlangoni.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwenye daftari.

Mfumo uliotawala wakati ule ulikuwa wa kuchangishana baada ya kifo. Chama kilichoueneza kilianza Meadville, Pennsylvania, mwaka 1868, kikiitwa Ancient Order of United Workmen, mwanzilishi wake John Jordan Upchurch. Mwanachama akifa, kila aliyebaki anatoa dola moja, na familia inapewa hadi dola 2,000. Katiba yake iliruhusu wanaume weupe tu, kwa hiyo babu zetu wasingepita mlangoni. Lakini mfumo wenyewe mnaujua. Ndio wa makundi yetu ya WhatsApp: tangazo la msiba, namba ya kutuma pesa, halafu orodha inayokua, Mama Fulani hamsini, Baba Fulani mia, na wale wasiochangia wanajijua na wanajulikana.

Mfumo huu unavutia kwa sababu mwanzoni ni rahisi mno. Chukueni chama cha mfano chenye watu 500, karibu wote vijana, familia ya marehemu inaahidiwa dola 1,000. Kila msiba, kila mtu anatoa dola mbili. Mwaka wa vijana una misiba minne, basi dola nane kwa mwaka. Nani atalalamika? Watu wanapiga makofi, wanamchagua tena mwenyekiti. Songeni mbele miaka 30. Wale wale sasa wana miaka hamsini na kitu, sitini na kitu, na mapafu yao yamejaa vumbi la makaa. Misiba imefika 15 kwa mwaka. Mchango ni dola 30. Kijana wa miaka 22 anaangalia hesabu hiyo, anaona anawazika wazee wa watu kwa mshahara wake, anakwenda kujiunga na chama kipya cha jirani ambako mchango bado ni dola nane. Wakiondoka vijana 200, waliobaki 300 wanapaswa kutoa zaidi ya dola tatu kwa kila msiba, na waliobaki ndio walio karibu zaidi na kaburi. Mchango unapanda, wengine wanaondoka, unapanda tena. Anayebaki mwisho amechangia maziko ya kila mtu, na yeye hana wa kumzika.

Hakuna aliyeiba hapo. Hili ndilo ninalowaomba mlielewe vizuri, kwa sababu chama chetu kikianguka jambo la kwanza tunalofanya ni kumtafuta mwizi, na mara nyingi mtunza hazina masikini ya Mungu ana risiti zake zote. Vyama vingi vya Marekani vya karne ya 19 vilizama hivyo, vitabu vikiwa safi kabisa.

Dawa ilijulikana, nayo ilikuwa chungu. Kila mtu alipe kulingana na umri aliojiunga nao, alipe kabla ya kifo na si baada yake, na ziada ya miaka ya ujana iwekwe akiba kwa ajili ya miaka ya uzee. Mwishoni mwa karne ile shirikisho la vyama hivi, National Fraternal Congress, lilitengeneza jedwali lake la vifo, linaloonyesha katika kila watu elfu wa umri fulani ni wangapi watakufa mwaka huo. Kisha wasimamizi wa bima wa majimbo wakaingia: rasimu ya sheria ya 1910 iliyoandaliwa Mobile, Alabama, na nyingine ya New York mwaka 1912, zikavitaka vyama vitoze viwango vinavyotosha. Majimbo mengi yakazifuata.

Hebu fikirieni mkutano mkuu wa kupitisha jambo hilo. Mzee amechangia miaka 25, hajakosa hata mwezi, leo anaambiwa kiwango cha umri wake ni mara tatu ya anachotoa. Anasimama, anauliza, kwani pesa zangu za miaka yote zilikwenda wapi? Jibu la kweli ni kwamba zilizika watu. Kiongozi anayeweza kutoa jibu hilo hadharani bila kuzomewa ni nadra, na mimi binafsi nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kuendesha vyama hivi.

Wakati huo huo matawi hayakufutwa. Tawi ndilo lililojua nani anaumwa kweli. Vyama hivi vililipa pia fedha za ugonjwa, na palikuwa na wajumbe wa kutembelea wagonjwa, kazi yao kwenda nyumbani kwa mwanachama, kumjulia hali, na kutazama kwa jicho la pembeni kama kweli yuko kitandani. Kampuni kubwa ya bima ingemlipa mpelelezi. Hapa mpelelezi ni jirani aliyekuja na supu. Msicheke, ni mpango wa akili sana. Mtu anaweza kumdanganya daktari, lakini ni vigumu kuudanganya mtaa ambao jana ulimwona kilabuni.

Sheria ya kodi ya Marekani nayo inalitambua tawi. Tangu 1909 vyama vya namna hii vimesamehewa kodi ya mapato, kwa sharti kwamba viendeshwe kwa mfumo wa matawi na vitoe mafao kwa wanachama. Leo ni kifungu cha 501(c)(8). Matawi yakifa, ukabaki na ofisi kuu na kompyuta, mkaguzi ana haki ya kukuuliza wewe una tofauti gani na kampuni ya bima iliyo ng'ambo ya barabara.

Na mkataba wao si kama wa kampuni. Cheti cha mwanachama kinafungamana na katiba ya chama, na katiba inaweza kubadilishwa na mkutano mkuu. Akiba ikipungua kupita kiasi, wanachama wanaweza kutakiwa kuchangia kuziba pengo. Mwanachama ni mteja na mwenye mali kwa pamoja, na siku ya hasara anakumbushwa cheo cha pili.

Kilichowabana Wahungari baadaye ni watu. Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliipa Hungary nafasi 473 tu kwa mwaka. Mlango ulifungwa. Baada ya mapinduzi ya 1956 waliingia wakimbizi wapatao 38,000, lakini wengi walikuwa watu wa mjini, wenye shule, na wajukuu wa wachimbaji walikuwa wanazungumza Kiingereza hata mezani. Chama kisichopata vijana kina njia moja, kuungana na wenzake. Verhovay, ambacho makao yake yalikuwa yamehamia Pittsburgh, kilikuwa kimeshaungana mwaka 1955, hata kabla ya wakimbizi hao, na chama cha Rákóczi cha Bridgeport, Connecticut, kilichoanzishwa 1888. Jina jipya halikutoka Budapest wala kwa shujaa yeyote wa Kihungari. Walichukua William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania. Mimi naliona ni jina la watu waliokubali kwamba hawarudi.

Waprotestanti wao walikuwa na chao, Hungarian Reformed Federation of America, kilichoundwa Trenton, New Jersey, mwaka 1896. Waprotestanti hao hao walianzisha makao ya Bethlen, Ligonier, mwaka 1921, kwa ajili ya mayatima, na baadaye wazee. Uhungari ulibaki pia kwenye mambo madogo: mashindano ya kugonga vigingi kwa tufe, fedha za masomo kwa watoto wa wanachama, na mikutano ya kiangazi ya kuchoma szalonna, mafuta ya nguruwe yanayogeuzwa juu ya moto na kudondoshewa kwenye mkate wa rai wenye vitunguu na matango. Ndugu zangu Waislamu, sisi tutachoma mbuzi.

Sasa yule aliyeniuliza nje kabla hatujaanza: je, na sisi tuahidi kiasi maalumu, tuseme dola 10,000 za kusafirisha maiti nyumbani? Ukisema "tutachangishana, tutakachopata tutawapa wafiwa", hiyo ni sadaka. Ukisema "toa kiasi hiki kila mwezi na familia yako italipwa kiasi hiki", machoni mwa jimbo huenda umeshaanza kuuza bima, na bima ina leseni, akiba ya lazima na ukaguzi. Majimbo mengine yana msamaha kwa vyama vidogo vyenye mafao madogo sana, na dola 10,000 si mafao madogo. Kabla hamjapitisha sentensi hiyo, mwoneni wakili wa bima wa jimbo lenu, na mpelekeeni orodha ya wanachama ikiwa na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Najua wapo kina mama hapa ambao hawatautaja mwaka huo. Basi wamwandikie katibu pembeni.

Karibuni maswali.