TV ya bure ilipotelea wapi tulipohamia digitali?

Shikamooni wazee wangu mliokaa hapo mbele, na nyie wengine habari za mchana. Sauti inafika huko nyuma? Haya.

Nimeitwa niongee kuhusu Tanzania ilivyohama kutoka analojia kwenda digitali kwenye matangazo ya TV, najua wengi mmekuja mkitegemea niongelee mitambo na mitambo nitaigusa kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichotokea, ila kilichonileta hasa ni kitu kimoja. Kabla ya usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mtu wa Dar es Salaam akishanunua TV yake na antena basi hadaiwi na mtu. Anawasha, anaangalia. Leo pita mtaani muulize mtu mbona TV imezimwa saa mbili usiku, taarifa ya habari inaanza, atakwambia "sijalipia". Taarifa ya habari, hajalipia! Sasa hiyo "sijalipia" imefikaje kwenye chaneli ambazo zimepewa leseni ya kuonekana bure? Hapo ndipo nataka tukae leo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 2006 kule Geneva nchi zaidi ya 100, za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia, zilikutana chini ya ITU, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zikagawana upya masafa ya TV, makubaliano yenyewe yanaitwa GE06, na humo ndio ilimotoka ile tarehe maarufu ya 17 Juni 2015. Watu wengi wanadhani ilikuwa amri kwamba siku hiyo kila mtu azime analojia. Makubaliano yalisema kuanzia hapo analojia hailindwi tena, maana yake jirani akiwasha mtambo wake wa digitali karibu na mpaka ukakuharibia matangazo yako ya analojia, huna pa kwenda kumshtaki. Na sisi tunapakana na nchi nane jamani, nane, kwa hiyo kusubiri mpaka mwisho ingekuwa kujitafutia matatizo ya bure.

Nchi za Afrika Mashariki zikasema sisi tutangulie, tufanye 31 Desemba 2012. Siku ilipofika Tanzania ndio iliyozima. Ikaanza Dar, halafu mji kwa mji, Dodoma na Tanga mwishoni mwa Januari 2013, Mwanza Februari, Arusha na Moshi Machi, Mbeya Aprili, na miji mingine ikafuata 2014. Kenya mambo yalienda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, na Februari 2015 NTV, KTN, Citizen na QTV zikawa hazionekani kwa karibu wiki tatu kwa sababu ya ugomvi wa nani anamiliki mitambo ya kurusha na lini analojia izimwe. Sisi hatukufika huko. Profesa John Nkoma pale TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na waziri wake Profesa Makame Mbarawa walishika tarehe yao hawakuyumba, pamoja na kwamba wamiliki wa vyombo vya habari walilalamika hadharani kuwa watazamaji wamepungua ghafla. Mimi nawapa heshima yao kwa hilo, kuzima analojia kwenye nchi kubwa hivi ni kazi ya watu wenye msimamo, na tukumbuke huku bara TV yenyewe ilikuwa na chini ya miaka 20 tu, imekuja 1994 wakati Zanzibar wenzetu walikuwa nayo tangu miaka ya 70.

Sasa mitambo. Kwenye analojia stesheni moja inakula nafasi nzima ya masafa, kwenye UHF, yale masafa ya juu ya TV, ni megahezi 8, yote yake, na kila stesheni ina mtambo wake wa kurusha, ina fundi wake, ina jenereta lake, na gharama zote ni zake. Digitali ikachukua megahezi 8 zile zile, na kwa mfumo huu wa DVB-T2 pamoja na ukandamizaji wa picha wa MPEG-4 ndani yake zinaingia chaneli 15 hata 20 za ubora wa kawaida. Kwa hiyo haina maana tena kila stesheni iwe na mtambo wake, wanapakiwa wote pamoja kwenye kitu kinaitwa maltipleksi na kinarushwa na kampuni moja. Chukulia zamani kila stesheni ilikuwa na gari lake binafsi inakuletea mzigo mlangoni, sasa hivi wote wanapanda daladala moja, na daladala ina mwenyewe.

Mwenye daladala ni nani? Leseni zilitoka kwa kampuni tatu. Star Media, ambayo ni ubia wa StarTimes ya China na TBC yetu, shirika la utangazaji la taifa. Basic Transmission, hawa ndio wa king'amuzi cha Digitek, nyuma yao wenye stesheni binafsi. Na Agape Associates wa king'amuzi cha Ting. Leseni ikagawanywa, mwenye kutengeneza vipindi upande wake, mwenye kurusha upande wake. Kwenye karatasi ni wazo zuri sana na hata leo nalitetea, maana kijana mwenye kipaji anaweza kuanzisha chaneli bila kujenga mnara hata mmoja, na chaneli nyingi mnazoziona leo zisingekuwepo bila mgawanyo huo.

Tatizo likaingia hapa, na naomba mnisikilize vizuri. Yule yule mwenye kubeba chaneli za bure ndio huyo huyo anayeuza chaneli za kulipia. Kwenye king'amuzi kile kile. Chenye kadi yake, kimefungwa kwa ajili ya kampuni yake, cha huyu hakifungui cha yule. Ukitaka TBC1 ya bure lazima kwanza ununue king'amuzi kwa mtu ambaye anaishi kwa kukuuzia kifurushi, sasa huyu mtu ana sababu gani ya kukueleza kwamba hata usipolipa kuna chaneli zinabaki? TCRA ilisema wazi tangu mwanzo kwamba chaneli tano, yaani TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten, zionekane hata kama kifurushi kimeisha. Hilo lilikuwepo, liliandikwa, lilitangazwa. Lakini nani alimwambia mama pale dukani? Anayeuza anamwambia mwezi ukiisha mama unalipia. Mwezi ukiisha kioo kinaleta maandishi yanayosema lipia, mengine kwa Kiingereza, mama anazima TV anaenda kulala, hajui kwamba akibonyeza rimoti namba chache mbele angekuta habari. Amenyimwa kitu ambacho ni chake na hajui kama amenyimwa.

Mnaona tofauti? Kwenye analojia bure ilikuwa ni hali ya kawaida ya TV. Kwenye digitali bure imekuwa ni sharti kwenye leseni, na sharti linahitaji mtu wa kulisimamia kila siku, na akisinzia kidogo tu limekwenda.

Tuangalie wenzetu. Uingereza walimaliza kuzima Oktoba 2012, miezi michache kabla yetu, lakini wao tangu 2002 walikuwa na Freeview, king'amuzi kisicho na kadi wala cha kulipia kila mwezi, unanunua mara moja unachomeka kwenye antena basi (najua wana ada yao ya leseni ya TV, hilo ni jambo lingine na ni la miaka mingi kabla ya digitali). Marekani walipozima tarehe 12 Juni 2009 serikali ilikuwa imetoa kuponi za dola 40, kila nyumba inayoomba inapewa mpaka mbili, za kununulia kisanduku cha kupokelea digitali kwenye TV ya zamani. Sisemi tulikuwa na hela za Marekani. Nachosema wao waliona kwamba serikali ndiyo inayomlazimisha mwananchi kubadilisha chombo chake kilichokuwa kizima, kwa hiyo serikali ina wajibu fulani kwake. Kwetu wajibu wote uliangukia kwenye mfuko wa mwenye TV ya chogo.

Na hapo naingia kwenye hela, maana watu wanasema hela ingetoka wapi. Analojia ilipoondoka iliacha masafa wazi, yale ya megahezi 700 na 800, ambayo ni masafa mazuri mno kwa simu kwa sababu yanasafiri mbali na yanapenya ukuta. Ndio maana dunia nzima walikuwa na haraka ya kuzima, usidhani haraka ilikuwa ya kukuletea picha safi. Hapa kwetu masafa ya megahezi 700 yalipigwa mnada 2018, na Oktoba 2022 ukaja mnada mwingine mkubwa zaidi, humo yakiwemo hayo ya 700 na mengine ya juu, ukaleta dola milioni 187. Ni jambo jema, intaneti ya 4G huko vijijini inategemea masafa hayo na mimi mwenyewe naifurahia. Ila ile hewa ilikuwa inatumiwa na mwangalia TV, yeye ndiye aliyepisha, kwa hiyo kwa maoni yangu sehemu ya hela ile ilistahili kurudi kwake kama ving'amuzi vya bure visivyo na kadi, angalau kwa shule na zahanati na nyumba za wazee, na bado naona haijachelewa kufanyika.

Kitu kingine kilichobadilika ambacho hakisemwi sana ni chenga. Analojia ikiwa dhaifu inakupa chenga, picha inacheza, lakini sauti unaisikia, mtu anafuatilia bunge na chenga zake hivyo hivyo. Digitali haina katikati. Ipo safi au haipo kabisa, mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani picha inaganda, inakatika vipande, halafu kioo cheusi. Wale waliokuwa pembeni ya mji, waliokuwa wanaokoteza matangazo kwa antena ndefu ya mti wa mwanzi, hao ndio walikatika siku ile ile na hawakuwa na wa kumuuliza.

Hao wakakimbilia dishi. Mwishoni mwa 2013 Azam wakaingia na dishi la bei ambayo watu wa kawaida wanaiweza, na kwa vijiji vingi dishi ndio ikawa TV ya kwanza kabisa, maana antena haikuwahi kufika huko iwe analojia au digitali. Ila dishi ni biashara ya kulipia tangu mwanzo. Mnakumbuka 2018? TCRA iliwaambia wenye dishi, Azam, DStv na Zuku, kwamba leseni zenu ni za maudhui ya kulipia, hamruhusiwi kubeba chaneli za bure na kuwatoza watu, na Agosti ile chaneli za nyumbani zikaondolewa. Kisheria TCRA walikuwa na hoja nzito, ni kweli haikubaliki kitu cha bure kiuzwe. Lakini aliyeumia alikuwa nani? Ni mtu wa kijijini asiye na mnara wa digitali karibu, sheria iliyoandikwa kulinda bure yake ilimwondolea chaneli za nyumbani kwenye dishi na hakuwa na njia nyingine ya kuzipata. Ukitaka kulinda bure, peleka kwanza mnara au weka dishi la bure, ndipo umbane mwenye kuuza.

Haya, naona mikono. Mama anza wewe.

Mama anauliza TV yake ya chogo aitupe? Usitupe mama. Nyuma yake kuna matundu matatu, njano, nyekundu na nyeupe, king'amuzi kinakuja na waya wa rangi hizo hizo, unachomeka rangi kwa rangi, ile ya njano ni picha na hizo mbili ni sauti. Kama ni ya zamani sana haina hayo matundu, tafuta king'amuzi ambacho tundu lake la waya wa antena wa kutokea linatoa picha ya king'amuzi chenyewe kwa analojia, unaunganisha hapo, maana vingine tundu hilo linapitisha mawimbi ya antena tu.

Kijana wa fulana nyeupe anauliza anunue antena ya digitali? Hakuna kitu kama hicho jamani, antena ni antena, ile ya UHF uliyokuwa nayo zamani kama haijaoza inafanya kazi, ipandishe nje na uielekeze kwenye mnara, usitoe hela kwa sababu tu boksi limeandikwa digitali. Ila ukienda kununua TV mpya, hapo angalia kwenye boksi au kwenye menyu iandikwe DVB-T2. T2, siyo T peke yake na siyo S2, S2 ni ya dishi. Yenye T2 ina king'amuzi ndani kwa hiyo unachomeka antena unatafuta chaneli, na zile zisizofungwa zinaingia bila kadi ya mtu.

Na dada wa mwisho, kifurushi kimeisha na chaneli za bure hazionekani afanyeje. Kwanza usizime. Ingia kwenye orodha ya chaneli uzipitie moja moja, au utafute upya, mara nyingi zipo ila maandishi ya kulipia yamekuziba. Kama kweli hazipo andika namba ya kadi yako na tarehe, piga kwa kampuni kwanza na wakupe namba ya malalamiko, usikubali kukata simu bila hiyo namba, kwa sababu wasipokutatulia unakwenda TCRA na TCRA watakuuliza ulianza kulalamika kwa nani na lini. Zipo ofisi zao za kanda, Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma, na Zanzibar, siyo lazima uje Dar. Na mkienda nendeni mkiwa wengi wa mtaa mmoja, mkiandika barua moja yenye namba za kadi zenu wote, maana king'amuzi kimoja kibovu kinaweza kuitwa hitilafu lakini 20 vya kampuni moja vikikosa TBC1 mwezi ule ule hilo ni suala la leseni.